Ganda Halikuokotwa

Katika mji ule, risasi ikilia, watu hawakuuliza kwanza nani amekufa. Waliuliza ganda liko wapi.

Ndivyo vita vilivyowafundisha. Wapiganaji wa milimani walikuwa na bunduki nzuri lakini risasi za kubahatisha. Kila aliyepiga aliinama akaokota ganda lake, likarudishwa mafichoni kujazwa baruti upya. Waliokota hata walipokuwa wanamiminiwa risasi. Wengine walikufa mkono ukiwa bado unapapasa majani. Watu wa mjini wakawaita Waokotaji, na jina likawaganda kama kupe. Vita vikaisha. Bunduki zikasalimishwa na kuchomwa moto uwanjani, watu wakiimba, wengine wakilia. Lakini kanuni ile haikuchomwa. Ganda likionekana chini, aliyeua ni mtu wetu. Lisipoonekana, ni wao.

Basi siku Mwenye Mashine alipokutwa amelala kando ya mashine yake ya kusaga, ana tundu mgongoni, na sakafu ikapekuliwa kila pembe bila ganda kuonekana, kesi ilikwisha kabla polisi hawajavaa kofia. Tena mtu aliyeonekana akichomoka mle ndani, shati limetapakaa damu, alikuwa Mwokotaji wa zamani. Siku hizi alikuwa mfyatua matofali kule bondeni.

Inspekta alikuwa safarini kikazi siku ya mauaji. Aliporudi asubuhi ile, mwanamke wa makamo mwenye vumbi la njia bado viatuni, Mkuu wa kituo alimpokea akitabasamu kama mwenye harusi.

"Umerudi wakati mzuri. Pumzika. Gari la mahakama ya kijeshi linakuja alasiri kumchukua."

Mahakama ile iliundwa kwa ajili ya wapiganaji waliovunja ahadi ya kuweka silaha chini. Ilikuwa na hukumu moja tu, na haikuwa na rufaa. Aliyepakiwa kwenye gari lake alikuwa amekwisha kuagana na dunia.

"Naomba nipitie mambo mawili matatu kabla hajapakiwa, afande," Inspekta alisema.

"Mambo gani tena?"

"Bunduki."

"Iko mtoni. Aliitupa alipokuwa anakimbia. Vijana wanaitafuta."

"Wameipata?"

"Mto ni mto, Inspekta."

"Nani aliyemwona akiwa nayo?"

Mkuu wa kituo akaacha kutabasamu. "Nani aliyemwona akiwa hana? Sikiliza. Marehemu ndiye aliyewashawishi watu wa mji huu watoe silaha. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba. Mji mzima umesimama kwa mguu mmoja, unamngoja huyo mtu apelekwe. Asipopelekwa, watampeleka wenyewe, na baada yake watashuka bondeni kwa wenzake. Wewe unataka hayo?"

"Hapana."

"Basi una mpaka gari lifike."

* * *

Mfyatua matofali alikuwa amechuchumaa pembeni mwa mahabusu. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa udongo kama ardhi ya kiangazi. Alisimama alipomwona Inspekta, akavuta suruali iliyokosa mkanda. Koplo aliyefuatana na Inspekta aliegemea mlango, kijana mrefu mwenye ulimi mwepesi.

"Ulikwenda mashineni kufanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Kusaga, afande. Kwani mashineni watu wanakwenda kunyolewa?"

"Chunga mdomo wako," Koplo alisema. "Mtu aliyetoka kufyatua risasi akaingia kufyatua matofali hana haki ya kuchekesha."

"Mwache," Inspekta alimwambia Koplo, kisha akamgeukia mfungwa. "Mashahidi wanasema mligombana. Walikuwa foleni nje, wakawasikia mnapigiana kelele."

"Afande umewahi kuingia mle mashine ikinguruma? Hata asante unaitoa kwa kelele."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali. "Nieleze ilivyokuwa. Usiruke kitu."

"Gunia langu lilikuwa limetoboka. Mahindi yakamwagika sakafuni. Nikachuchumaa, nikaanza kuokota. Yeye alikuwa amesimama pembeni, akaniambia, acha hayo, kuku watakula. Nikamwambia, kaka, mimi sina mazoea ya kuacha kitu chini. Akacheka sana. Halafu akaja akachuchumaa mbele yangu, tukawa tunaokota wote."

Koplo alicheka kwa pua. "Mwenye Mashine? Akuokotee wewe?"

"Aliniokotea."

"Mlikuwa mmeelekeana?" Inspekta aliuliza.

"Vichwa vyetu vilikuwa karibu kugongana."

"Halafu?"

"Nikasikia mlio, paa! Nikadhani mkanda wa mashine umekatika. Akaniangukia hapa." Aligusa kifua chake. "Nikamshika. Nikaona mkono wangu umelowa. Nikakimbia."

"Mtu asiye na hatia anakimbiaje?" Inspekta aliuliza.

Mfyatua matofali akamtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Afande, mimi huyu, na damu ile, katika mji huu. Wewe ungekaa?"

Inspekta alimwambia ageuke, akamtazama mabegani na mikononi, kisha akatoka. Nje, Koplo alikuwa bado anacheka.

"Anajua kusimulia, afande. Wanafundishwa kule milimani."

"Marehemu alipigwa wapi?"

"Mgongoni."

"Na huyu alikuwa wapi?"

"Anasema mbele yake." Koplo akasita. "Lakini huyo anasema tu."

"Mashahidi waliuona mwili kabla haujasogezwa. Umelala kichwa kuelekea mlangoni. Mtu akipigwa mgongoni huangukia mbele. Aliyepiga alikuwa upande wa ndani, Koplo. Huyu alikuwa upande wa mlango. Twende hospitali."

* * *

Daktari alikuwa amekesha, na hakujisumbua kuficha. Aliwaongoza mpaka chumba cha nyuma, akavuta trei ya bati iliyokuwa na risasi moja.

"Vitani nilitoa risasi nyingi kuliko daktari wa meno anavyong'oa meno," alisema. "Hii imenishangaza. Nyingine huingia kwa ncha, zikaacha tundu la mviringo. Hii imeacha tundu refu, kama la kufuli. Iliingia ubavuubavu, kama mlevi anavyoingia mlangoni."

"Ilitoka juu au chini?"

"Juu. Iliingia hapa, karibu na bega la kushoto, ikashuka mpaka kiunoni. Ama aliyepiga alikuwa juu ya dari, ama marehemu alikuwa amechuchumaa chini."

"Au vyote viwili kidogo kidogo," Inspekta alisema.

Aliichukua ile risasi, akaisogeza dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akampa Koplo.

"Risasi iliyopita kwenye bunduki ya kiwandani huwa na alama gani?"

"Mikwaruzo ya mshazari, afande. Mtutu una mifuo kwa ndani. Inaizungusha risasi ili iende sawa."

"Hii ina nini?"

Koplo aliisogeza karibu na jicho. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu aliyemeza kitu kabla ya kukionja. "Haina kitu. Nyororo kama ushanga."

"Na risasi isipozungushwa?"

"Inapepesuka. Inafika ubavuubavu." Akairudisha mkononi mwa Inspekta. "Afande, hii imepita kwenye bomba."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi mle chumbani. Mwaka ule mbaya, mji ulipozingirwa na hakuna silaha iliyoingia, wahunzi wa mjini walikata mabomba ya maji wakatengeneza bunduki. Bomba, msumari wa kugonga risasi, springi ya kuuvuta msumari, kipande cha mti cha kushikia. Zilibeba risasi moja. Ukishapiga, ganda lilivimba mle ndani likakwama, na hukuweza kuweka risasi nyingine mpaka ulitoe kwa kulisukuma na ufito wa chuma.

"Waokotaji hawakuwa na mabomba," Koplo alisema kwa sauti ya chini. "Mabomba yalikuwa ya kwetu."

"Ya kwetu. Na ninyi nyote mlitambaa sakafuni mkitafuta ganda." Inspekta aliifunga risasi katika kitambaa. "Ganda halikuokotwa na mtu, Koplo. Halikutoka."

Daktari alikaa kitini, akajifuta uso kwa kiganja. "Inspekta, nilipitia moto ule uwanjani siku ya kuchoma. Niliona bunduki za kila aina. Sasa ukiniuliza kama niliona mabomba mengi..."

"Uliona?"

"Niliona machache sana."

* * *

Nje ya mashine, chini ya turubai la msiba, wanaume waliokaa kwenye mabenchi walinyamaza Inspekta alipopita. Mmoja alimuuliza Koplo kama gari limefika. Koplo alijifanya hakusikia.

Mjane wa marehemu aliwafungulia mlango wa mashine. Alikuwa mwanamke mdogo aliyevimba macho.

"Pole, dada," Inspekta alimwambia. "Tangu siku ile mashine imewashwa?"

"Nani aiwashe? Aliizima mwenyewe aliyekuwa wa kwanza kuingia. Hata kufagia hatujafagia."

"Afadhali."

Kila kitu mle ndani kilikuwa cheupe. Unga ulikuwa umetanda juu ya mashine, juu ya mkanda, juu ya mizani, juu ya mbao za ukuta, hata utando wa buibui ulionekana kama uzi wa pamba. Doa jeusi sakafuni peke yake ndilo lililokuwa na rangi. Inspekta alisimama mlangoni muda, akatazama bila kugusa.

"Koplo, chuchumaa hapo penye doa. Elekea mlango."

"Mimi, afande?"

"Wewe ndiye Mwenye Mashine."

"Mungu apishe mbali," Koplo alisema, lakini akachuchumaa. "Afande, ukiniua mwambie mama yangu nilikuwa kazini."

Inspekta alizunguka nyuma yake. Aliweka kidole karibu na bega la kushoto la Koplo, akanyoosha mkono wa pili kwenda juu, kufuata njia aliyoitaja daktari. Mkono wake ulielekea ukuta wa mbao wa nyuma, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama. Pale palikuwa pametundikwa gunia tupu kwenye msumari.

"Gunia hili hukaa hapa siku zote?"

Mjane alilitazama. "Sijapata kuliona hapo. Magunia matupu tunayaweka kule."

Gunia halikuwa na unga juu yake. Inspekta alilitoa msumarini kwa ncha za vidole. Nyuma yake, kati ya mbao mbili zilizoachana, palikuwa na upenyo wa kupitisha vidole viwili. Na kuuzunguka upenyo ule, unga haukuwapo. Ulikuwa umepeperushwa, ukaacha mbao tupu kwa umbo la kipepeo, kama mtu mwenye pumzi za kutisha aliyepuliza kutoka upande wa pili. Kingo za mbao zilikuwa na masizi.

Koplo alinyanyuka. Hakutania.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?" Inspekta aliuliza.

"Ghala la nafaka."

"Nani yumo?"

"Mama mkwe. Huwa anakaa mle juu ya magunia anachambua mbegu. Tangu siku ile hajatoka. Tumembembeleza aje ndani alale kitandani, hataki. Anasema mle anamsikia mwanawe." Mjane alianza kulia tena. Kisha, katikati ya kulia, akaacha. Alitazama upenyo, akatazama gunia mkononi mwa Inspekta. "Kwa nini unauliza?"

"Nenda kakae na wenzako nje, dada."

"Kwa nini unauliza?"

Koplo alimshika mkono taratibu akamtoa. Inspekta alibaki peke yake. Alivua kofia, akafumba macho. "Ee Mungu, kama ninakosea, nizuie. Na kama sikosei, nisaidie." Akavaa kofia, akazunguka kwenda ghalani.

* * *

Mji mzima ulimwita bibi yule Mama Fundi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Fundi alikuwa mhunzi, mtu wa majembe na bawaba za milango, mpaka vita vilipompa kazi nyingine. Waokotaji walimuua kwenye kizuizi cha barabarani, mwaka uleule mbaya. Mwenye Mashine alikuwa mdogo wake, na ndiye pekee aliyebaki.

Alikuwa ameketi juu ya rundo la magunia, karibu na ukuta wa mbao, amejifunika nguo nyeusi. Wanawake wawili waliokuwa naye walipoombwa kutoka walinung'unika. Mmoja alisema hajapata kuona polisi wanaoingilia msiba kama wanaingia sokoni. Lakini walitoka.

"Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Wameshampeleka?"

"Bado."

"Wanangoja nini?"

Inspekta alisogea. "Mama, naomba ushuke hapo ulipokaa."

"Mimi ni mfiwa. Mfiwa haondolewi alipokaa."

"Najua. Ndiyo maana hakuna aliyekuondoa."

Mama Fundi alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta sura ya mtu aliyepata kumjua. Kisha akaingiza mkono katikati ya magunia mawili, akavuta kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakitoa kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni maji.

Lilikuwa bomba fupi, limesuguliwa mpaka likang'aa. Mpini wake ulikuwa umechongwa vizuri mno kwa kazi uliyopewa, umepakwa mafuta, una mstari wa maua uliokatwa kwa kisu. Inspekta alifungua nyuma ya bomba. Ganda lilikuwa mle, limevimba, limekwama.

"Alinitengenezea mwanangu mkubwa," Mama Fundi alisema. "Nilikuwa nalala peke yangu na risasi zinapita juu ya paa. Akaja na hicho, akasema, mama, vuta msumari, achia, basi. Akaniachia na risasi yake moja ndani."

"Siku ya kuchoma silaha, hiki kilikuwa wapi?"

"Yule mdogo alinijia. 'Mama, toa kile cha kaka.' Nikamwambia nilikitumbukiza chooni zamani. Akaniamini. Alikuwa mtu wa kuamini, yule. Nguo za Fundi zimechakaa, tumezifanya matambara. Sauti yake nimeisahau. Kitu cha mkono wake kilichobaki ni hicho tu. Ningekipelekaje motoni kwa mkono wangu?"

"Niambie kuhusu siku ile, mama."

"Nilikuwa nachungulia. Mtu mzima kazi yake nini, kama si kuchungulia? Nikamwona yule mtu anaokota. Ameinama, anaokota punje mojamoja, anaziweka kiganjani." Alionyesha, vidole vyake vikavu vikidonoa hewa. "Mwanangu Fundi alipoanguka, aliyekuwapo alikuja kunisimulia. Akaniambia, waliomuua waliinama palepale alipolala wakaokota maganda yao. Walimsogeza mguu, kwa kuwa moja lilikuwa chini yake. Hawakumtazama usoni, mwanangu. Waliokota vitu vyao wakaenda zao."

"Alikuwa huyu?"

"Sijui."

"Hukujua?"

"Sikuuliza. Niliona mkono unaokota."

Nje, chini ya turubai, mtu alikohoa. Inspekta alishusha sauti. "Na mwanao alikuwa wapi?"

"Alikuwa amesimama pembeni, mbali. Nilimwona vizuri. Sikuwa kipofu. Nilikwisha kuvuta msumari alipokuja akachuchumaa; nikamlenga yule mtu juu ya bega lake, nikaachia." Mikono ya Mama Fundi ilitulia mapajani. "Anamwokotea yule mtu mahindi. Mwanangu mimi."

"Kisha ukatundika gunia."

"Ndiyo. Watu walipokuwa wanamkimbiza yule, niliingia mashineni nikalitundika. Waliporudi niliwasikia wanapiga kelele, ganda hakuna, ganda hakuna, ni Mwokotaji! Nikafikiri, haya, nimemkosa kwa risasi, nimempata kwa uongo. Angalau kitu kimoja kitakwenda nilikotaka." Aliinua macho. "Nililenga vibaya?"

"Hukulenga vibaya, mama. Bomba haliongozi risasi. Hata kijana mwenye macho mazima angekosa."

"Kumbe." Aliutazama ule mpini wenye maua. "Hakuniambia. Labda hata yeye hakujua."

Inspekta alikifunga kile kitu tena katika kitambaa. Alikuwa amekwisha kumshika mkono amsaidie kushuka, Mama Fundi alipomuuliza swali ambalo halikuwa na hasira ndani yake.

"Na kama ingekwenda nilikolenga, ungekuja hapa?"

"Ningekuja."

Bibi alitikisa kichwa. "Mwokotaji amekufa mashineni. Mngeandika mstari mmoja, mngefunga. Usiape, mwanangu. Mungu anasikia."

Inspekta hakuapa.

* * *

Walipotoka, watu wote chini ya turubai walisimama. Kitambaa kilikuwa kimefunguka kidogo na mpini ulionekana. Mjane aliuona. Alikaa chini palepale alipokuwa, vumbini, bila sauti.

"Hiyo ni kazi ya Fundi," mzee mmoja alisema.

"Alitakiwa aitoe," Koplo alisema kwa ukali, akiwageukia. "Kila mtu alitakiwa atoe. Mliimba wote pale uwanjani, mimi nilikuwapo. Nani mwingine anayo?"

Mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine alianza kukunja kiti ambacho hakuna aliyemwomba akikunje. Koplo alipitisha macho katika benchi zima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefungua mlango wa chumba asichotakiwa kuingia. Kisha akaenda kufungua mlango wa gari la polisi kwa ajili ya Mama Fundi.

Gari la mahakama ya kijeshi lilikuwa limetangulia kufika kituoni. Lilikuwa limesimama mlangoni, injini inanguruma, na ofisa wake alikuwa amesimama ofisini kwa Mkuu wa kituo na pingu mkononi. Inspekta aliweka mezani bomba na risasi. Alieleza kwa ufupi, bila kuongeza kitu: tundu refu kama la kufuli, risasi nyororo, unga uliopeperushwa, ganda lililokwama. Ofisa alisikiliza, akalichungulia lile bomba kwa nyuma, akaziweka pingu mfukoni.

"Sisi tunahukumu wapiganaji," alisema. "Hatuhukumu mabibi."

Gari lake liliondoka tupu.

Mkuu wa kituo alibaki amekaa, viganja viwili juu ya meza. "Unajua umenifanya nini? Asubuhi nilikuwa na muuaji mmoja ambaye kila mtu alimtaka. Sasa ninaye ambaye hakuna anayemtaka."

"Asubuhi ulikuwa na mfyatua matofali, afande."

"Nitawaambia nini wale watu?"

"Waambie ganda limepatikana."

"Wataniuliza limepatikana wapi."

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Wataniuliza na mimi."

Alitoka kwenda ukumbini. Mama Fundi alikuwa amekalishwa kwenye benchi la mbao, mikono mapajani, akingoja kuandikisha maelezo yake. Koplo hakumfunga pingu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Watu walikuwa wameanza kukusanyika upande wa mbele wa kituo. Sauti zao zilipenya dirishani.

"Mtoeni yule mfyatua matofali kwa mlango wa nyuma," Inspekta alisema. "Upesi. Apitie njia ya makaburini mpaka bondeni. Koplo, ufuatane naye."

Njia ya kwenda mlango wa nyuma ilipita mbele ya benchi.

Mfyatua matofali alitolewa mahabusu ameshika viatu mkononi. Alikuwa ameambiwa yote; Koplo alimweleza alipokuwa anamfungulia. Alitembea ameinamisha kichwa, na alipofika penye benchi, miguu yake ikasimama. Koplo alimgusa begani, apite. Hakupita. Alisimama mbele ya yule bibi kama kijana anavyosimama mbele ya mtu mzima, viatu amevishusha pembeni, na kwa sauti ambayo haikusikika vizuri akasema:

"Shikamoo, mama."

Inspekta aligeuka.

"Marahaba," Mama Fundi alisema.

Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka mama yeyote akisalimiwa na mtoto. Alilisikia baada ya kulisema. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mle ukumbini hakuna aliyejua anamlilia mwana yupi.

Mfyatua matofali alisubiri kidogo, kama mtu anayeona haya kuondoka kabla mzazi hajamruhusu. Kisha akavaa viatu, akatoka kwa mlango wa nyuma.